Nilikwenda Gozo Kutazama Mawe

Ninyi mnaoulizana kwa sauti ya chini pale nje ya kanisa, "Hivi ni kweli Mama Eliya alikwenda kuzurura kisiwani?", jibu ni ndiyo. Nilikwenda, tena na wifi yangu, na nilichokifuata nilikiona. Nimechoka kumsimulia mmoja mmoja kwenye simu, kila mtu akinikatiza kwa swali lake. Nimekaa mezani kwangu hapa Walthamstow, Landani, nimewasha taa mbili, naandika kwa herufi kubwa. Someni wenyewe.

Wengi mnajua habari ya macho yangu, ila hamkuijua yote. Nina presha ya macho. Daktari alinieleza bila kuzunguka: kuona kwangu kunaliwa kuanzia pembeni, kunakuja katikati polepole, na yale matone ninayotia yanachelewesha tu. Ndiyo maana niliacha kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Sasa katika nyumba moja ya kazi, ukutani mbele ya kitanda cha bibi niliyekuwa namhudumia, palikuwa na picha ya hekalu la mawe makubwa mno, la kale kuliko piramidi za Misri. Lipo Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, katikati ya Mediterania. Miaka yote nikimvalisha yule bibi soksi zake nilikuwa nayatazama yale mawe. Baada ya maneno ya daktari nikasema, nitayatazama yenyewe, tena kabla giza halijafika katikati.

Nikawatangazia ukoo wa marehemu mume wangu. Kosa langu lilikuwa kuwaambia, maana waliitisha kikao cha simu. Mnakijua kile cha Jumapili mchana, Moshi wanakuwa wengi kwenye simu moja na kila mtu anakohoa. Shemeji Elinami, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akasema kama macho yanakwisha basi nirudi nyumbani nikae, nyumba ipo. Nyumbani napapenda, msinielewe vibaya. Lakini alivyosema "akae" ni kama anayezungumzia kabati. Na likizo kwetu ina maana moja: unakwenda nyumbani na masanduku, unagawa, unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Mjane kwenda kisiwani ambako hana ndugu wala msiba, hilo lilikuwa halijasikika.

Nikawaambia nakwenda. Wakanong'ona, wakaamua Aikande anisindikize. Aikande ni mdogo wake marehemu, anaishi Harrow, nami namwita wifi kama anavyoniita. Nilijua kabisa wamenipa askari.

Harrow hadi uwanja wa ndege

Tulikubaliana tukutane stesheni ya Tottenham Hale asubuhi. Mimi nilikuwa na begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, kama mwanangu Eliya alivyoelekeza. Wifi akatokea kwenye ngazi za umeme akivuta sanduku ambalo ungeweza kumlaza mtoto wa shule ndani yake. Eliya, aliyekuja kunisindikiza, akashika kichwa.

"Auntie, it's hand luggage only!"

"Hii ndiyo ya mkononi," wifi akamjibu. "Si naivuta kwa mkono?"

Nikamuuliza kuna nini mle. Akanitajia bila aibu: khanga doti mbili, majani ya chai ya nyumbani, kuku wa kukaanga, vitumbua, chupa ya chai, na viatu vyake vya kanisani vyenye visigino.

"Khanga za nani, wifi? Kule hatuna mwenyeji."

"Tutampata. Mimi siendi kwa watu mikono mitupu."

Pale uwanja wa ndege binti wa kaunta ya mizigo alilitazama lile sanduku, akatingisha kichwa. Wifi hakubishana naye hata kidogo. Alilifungua katikati ya foleni, akavaa sketi juu ya sketi, akajifunga khanga zote kiunoni, akavaa koti juu yake. Kuku akaingia kwenye begi langu. Kilichobaki akakitia kwenye mfuko, na sanduku tupu akamkabidhi Eliya, aliyelivuta kurudi nalo nyumbani bila kugeuka nyuma.

Kisha ndege ikachelewa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa pale mpaka wazungu waliokuwa na kaptula wakaanza kugombana na watoto wao, na wifi ndani ya nguo zake zote anatoka jasho kama yuko jikoni kwenye harusi. Nikatoa kitumbua, nikala. Mzee mmoja aliyekaa karibu akavitazama hivyo vitumbua kwa unyonge mkubwa, nikampa kimoja. Alipokimaliza akauliza vinauzwa duka lipi pale uwanjani. Wifi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Tottenham Hale, nikaona safari imeanza.

Valletta, juu ya makaburi

Valletta ni mji wa ngazi. Mitaa yenyewe ni ngazi, inashuka mpaka baharini, na kuta zote zina rangi ya mkate uliookwa. Juu ya vichwa vyenu kuna roshani za mbao zilizofungwa madirisha, za kijani na nyekundu. Mimi ngazi za kushuka ni adui yangu, maana miguu yangu siioni mpaka niinamishe kichwa chote. Kwa hiyo nilishuka nimeinama. Wifi kila hatua: "Angalia! Angalia hapo!" Nikamwambia, "Wifi, kuangalia ndiko kunakonishinda. Nishike mkono au nyamaza." Akanyamaza, lakini nilimwona akinihesabia kila nilipoyumba.

Kuna kanisa kubwa pale lililojengwa na wale mashujaa wa zamani waliopigana kwa ajili ya msalaba. Nje halina makuu. Ndani, dhahabu toka chini hadi juu. Wifi alikuwa amevaa vile viatu vyake, na mlangoni wakamwambia visigino vyembamba haviruhusiwi, vinatoboa sakafu. Nikampa ndala zangu za kuogea. Akaingia nyumba ya Mungu na gauni la Pasaka na ndala za bluu, midomo ameibana.

Hapo ndipo kijana mlinzi alipotueleza kwa nini sakafu inatunzwa hivyo: kila jiwe la marumaru tunalokanyaga ni kaburi. Mashujaa wamelala pale chini, mamia kwa mamia, mmoja kando ya mwenzake, na juu yao wamechorwa mafuvu na malaika wa rangi.

Wifi akasimama kama aliyepigiwa msumari.

"Sikanyagi."

"Wifi, watu wote wanakanyaga."

"Wao hawana wakubwa waliowalea. Mimi sikanyagi kaburi la mtu."

Basi akaanza kutembea kwenye mistari, pale jiwe linapokutana na jiwe, mguu mbele ya mguu, ndala zinapiga pa, pa, mikono ameitandaza. Foleni nzima ya watalii ikasimama nyuma yake. Mmoja akampiga picha, na mama mmoja akafikiri ndio utaratibu, akaanza naye kutembea kwenye mistari. Mimi mistari siioni hata ungenipa tochi, nikapita juu ya mashujaa wote katikati, nikiwaomba radhi kwa Kichagga. Nilicheka mpaka machozi yakaharibu matone ya dawa.

Tulipotoka nje wifi akaniuliza polepole, "Hivi ile mistari kweli hukuiona?"

Nikamwambia sikuiona. Akatazama pembeni. Nikajua hilo limeandikwa.

Feri

Kwenda Gozo unapanda basi mpaka mwisho wa kisiwa kikubwa, halafu feri. Bahari ile ni ya bluu iliyokolea mno, na upepo unakula mabega. Pale bandarini upande wa pili tukakutana na bwana mmoja mwenye gari dogo na kofia, anakusanya watalii wa kuwazungusha. Tukapanda. Alipoona ninavyopapasa ngazi ya gari kwa mguu akanishika kiwiko, akasema kwa upole sana kwamba kule hekaluni njia si nzuri kwangu, kuna mawe na miinuko. Niwe na amani, nitakaa garini kwenye kiyoyozi, wenzangu wataniletea picha.

Picha! Nimeitazama picha miaka yote ile nikiwa na soksi za mtu mkononi.

"Nishushe," nikamwambia.

Wifi akanivuta nguo. "Wifi, huyu bwana anakutakia mema."

"Wote mnanitakia mema. Shemeji ananitakia mema, Eliya ananitakia mema. Mema yenu yote ni mimi kukaa. Nishushe!"

Nikashuka. Wifi alibaki garini kwa muda ambao ungetosha kusema sala ya Baba Yetu, kisha akashuka na mfuko wake. Tukangoja basi la kawaida kwenye jua kali. Bibi mmoja kituoni alikuwa akimfundisha mjukuu namba kwa lugha yao, ambayo ina damu ya Kiarabu, nikasikia sita na saba na tisa zikipita karibu kabisa na zetu. Nikajiona sijapotea sana.

Xagħra, mlango wenye ufunguo

Kijiji cha hekalu kinaitwa Xagħra, na dereva wa basi alinifundisha kulitamka nikashindwa. Alitushusha kwenye uwanja wa kanisa, akasema tiketi ya hekalu inatupa pia nyumba ya kinu cha upepo, nyumba ya kale iliyohifadhiwa na vyombo vyake vyote, ipo hapo karibu tu. Wifi akashikilia tuanze na nyumba. Nikakubali ili yaishe.

Tukaingia kichochoro. Kulikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, mlango wa kijani, na ufunguo umechomekwa kwenye kitasa kwa nje. Sasa mimi na wifi tukaelewana bila kusema: ufunguo uko nje, maana yake pamefunguliwa kwa wageni. Wifi hata hivyo ni mtu aliyelelewa. Akabisha. "Hodi! Hodi! Hodi jamani!" Kimya. Nyumba ya mtu ungeondoka, lakini makumbusho hayaitiki hodi, tukaingia.

Palikuwa pazuri, jamani. Meza nzito ya mbao, msalaba ukutani, sufuria zimening'inizwa, kiti cha kutikisika. Wifi akaingia hadi chumbani, akabonyeza godoro.

"Wameitunza! Ungedhani mtu kaamka sasa hivi. Wifi, njoo uone, wameweka hadi meno ya bandia kwenye glasi."

Nikamwambia asiguse, watatupiga faini. Mara pazia la jikoni likasogea, akatokea bibi mnene mwenye aproni na mwiko mkononi.

"Wifi," Aikande akaninong'oneza, "wameweka hadi mtu."

Yule bibi akatutazama juu hadi chini. Kisha uso wake ukakunjuka, akasema kwa Kiingereza chake cha kisiwani, "Hatimaye! Nilijua wataleta wapya. Njooni, miguu yangu hii leo imevimba." Akakaa kwenye kiti cha kutikisika, akaninyooshea mguu.

Alidhani tumetumwa kumhudumia. Wanawake wawili weusi wameingia mlangoni, wangekuwa nani wengine? Kule Landani nimezoea kuchukuliwa hivyo kila mahali, hata nikiwa hospitali kama mgonjwa. Na mguu ule, nawaambia ukweli, niliuona una soksi iliyokunjika vibaya, na mikono yangu ikataka kwenda yenyewe. Nikairudisha.

"Mama," nikamwambia, "hiyo kazi nimeifanya miaka mingi, na niliifanya vizuri. Leo sikuja kumvalisha mtu soksi. Mimi leo ni mtalii. Nimetoka Landani kuja kuona hekalu lenu, na tumeingia humu tukidhani ni makumbusho."

Akaurudisha mguu chini. "Makumbusho?"

"Ufunguo ulikuwa mlangoni," wifi akasema.

"Ufunguo wangu unakaa mlangoni tangu niolewe. Sasa nani ataingia?" Akajitazama, akautazama mwiko wake. "Na mimi mlinidhania nani?"

Wifi hajui kudanganya anapoulizwa ghafla. "Tulidhani na wewe umehifadhiwa."

Bibi Carmela, maana ndilo jina lake, alicheka mpaka kiti kikataka kumwangusha. Akasema sisi tumemfanya sanamu, yeye katufanya watumishi, hakuna anayemdai mwenzake radhi. Akatukalisha mezani. Akakata mkate, akausugua nyanya mpaka ukawa mwekundu, akamwaga mafuta ya zeituni, akaweka samaki wa kopo na vile vitunda vidogo vichachu vya kijani wanavyovipenda. Wifi akatoa kuku wake na chupa ya chai ya tangawizi. Kisha akasimama, akafungua khanga doti moja kutoka kiunoni kwake, akamkabidhi mwenyeji kwa mikono miwili pamoja na majani ya chai. Akanigeukia na jicho la ushindi, na kwa hilo alistahili.

Tulikula. Tukala tena, nami nikamweleza mwenyeji wetu habari ya macho yangu. Nikamuuliza Bibi Carmela hekalu linafungwa lini, akatazama saa ya ukutani, akasema tukitaka kuliona ni sasa. Nikasimama. Wifi hakusimama. Akajimiminia chai.

"Wifi, twende."

"Kaa wifi, pumzika. Nyumba ya kale tumeiona. Si inatosha?"

Hapo nikaelewa chai ile yote, na kwa nini tulianza na nyumba.

"Umetumwa," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Nimetumwa. Kaka Elinami ataniuliza Jumapili kama unaona. Nikisema huoni, watakukatia tiketi. Wewe ukianguka kule kwenye mawe, nitasema nini? Ndiyo maana sitaki uende. Nisipokuona ukianguka, sina la kusema."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Sikuyatumia. Kumbe askari wangu alikuwa ananificha. Lakini sikukaa.

"Nakushukuru, wifi yangu. Ila mimi nakwenda. Nikianguka, nitaanguka nikiwa nayatazama."

Bibi Carmela hakuelewa Kiswahili, lakini ugomvi wa mawifi hauhitaji mkalimani. Alikwisha kufunga ile khanga kichwani, akachukua fimbo yake, akanipa mkono. "Wewe huna macho, mimi sina magoti," akasema. "Twende."

Mawe

Tulifika mtu wa mlangoni akiwa anajiandaa kufunga. Bibi Carmela akamwambia maneno kwa lugha yao, nadhani aliwahi kumpiga alipokuwa mdogo, maana alitupisha mara moja.

Sitawadanganya. Hekalu lile zima sikuliona kwa mara moja kama kwenye picha. Dirisha langu ni dogo. Niliona jiwe moja. Likajaza macho yangu yote, kubwa kuliko gari la mizigo, limechimbwachimbwa na upepo kama sponji. Nikageuza kichwa, nikapata la pili. Nikageuza tena. Nikainama nikaona kizingiti, nikainuka nikaona ukuta umepanda mpaka mawinguni. Niliyaokota hivyo moja moja, vyumba vya mviringo vyote, na kila moja nililishikilia mpaka niliposhiba. Wenye macho mazima walipita haraka, wakapiga picha, wakaenda. Mimi nilikaa pale mpaka mwisho, na nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Nilijikwaa pia. Mara moja, kwenye njia, goti likagusa chini. Wifi alipiga kelele. Nikasimama mwenyewe, nikapangusa sketi.

Bibi Carmela alikuwa amekaa kwenye benchi. Akatuambia wao tangu utotoni wanasimuliwa kwamba hekalu lile lilijengwa na mwanamke, jitu, aliyebeba mawe yote peke yake huku amembeba mtoto wake, akila maharage tu.

"Hakuna aliyemwambia akae?" nikauliza.

"Angemwambia nani?" akasema. "Amebeba jiwe mkononi."

Jumapili

Tulirudi Landani bila kisa cha maana, isipokuwa ndege ilichelewa tena na kuku alikuwa amekwisha. Jumapili wifi akaja kwangu, tukaweka simu juu ya meza. Moshi wakakohoa. Shemeji Elinami akasalimia, akauliza mvua za huku, kisha akafika.

"Aikande. Umekwenda naye, umemwona. Huyu shemeji yangu anaona?"

Wifi alikuwa amekunja mikono mapajani. "Anaona, kaka," akasema. "Anaona vizuri tu."

Angeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini sikutaka kushinda kwa uongo wa wifi yangu, aubebe yeye kwa ndugu zake maisha yake yote.

"Shemeji, Aikande ananificha," nikasema. "Sioni vizuri. Pembeni sioni kabisa, ngazi nazipapasa, na kule nilipiga goti chini. Yatazidi. Siku nikiwa sioni kitu nitakuja mwenyewe hapo nyumbani, mtanipa kiti, na nitawachosha kwa kuwasimulia niliyoyaona. Sasa niacheni nikayaone kwanza. Mwakani nakwenda Krete. Kuna jumba la mfalme, la kale sana. Siombi ruhusa, nawapa habari."

Moshi wakakohoa wote kwa pamoja. Kisha sauti ya shemeji ikaja, ndogo, kama ya mtu aliyesogea mbali na wenzake.

"Hayo mawe. Ni makubwa kweli?"

"Makubwa, shemeji. Nitakusimulia moja moja."

"Haya," akasema.

Wifi alikata simu. Hakunitazama. Aliinuka akasuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, akavipanga, akavipangua. Nikamngoja, maana namjua, ana jambo.

"Huko Krete," akasema hatimaye, mgongo amenipa, "kuna ngazi?"

"Nyingi."

"Basi safari hii nitakuja na raba."